Mkia wa Mjusi wa Taifa

Nianze kwa kuwaondoa hofu. Haya hayakutokea kwenu. Kwenu mambo ni mazuri, nimesikia mwenyewe kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Haya yalitokea Jamhuri ya Mwangwi, nchi ya mbali sana, na ukiona mtu humu ndani anafanana na mheshimiwa unayemfahamu, nenda kanawe uso, kisha urudi uendelee kusoma.

Mimi naitwa Fundi Mshamu. Sina siasa. Mimi ni mtu wa nyaya na vipaza sauti. Kwa miaka kumi na tisa nimefunga spika kwenye kila sherehe ya serikali mkoani kwetu, kuanzia uzinduzi wa choo cha stendi hadi uzinduzi wa bango la kuutangaza uzinduzi wa choo hicho. Mtu wa spika anasikia kila kitu na hakuna anayemwona. Wakubwa wanaongea mbele yake kama vile wanaongea mbele ya kabati.

Sasa, huko kwetu kuna bonde linaitwa Ngarawe. Ni jangwa. Mvua ikinyesha pale ujue imekosea njia. Wanaume wanakata chumvi kwenye ziwa lililokauka zamani, wanawake wanafuga mbuzi ambao wamejifunza kula maboksi. Na kuna mifupa. Mifupa ya dinosaria, ile mijusi ya kale iliyokuwa na shingo ndefu kuliko mnazi. Upepo ukivuma unafukua taya, ukivuma tena unafukua mbavu. Wenyeji hawakuwahi kuona ajabu. Mwanamke akifagia uwanja akakuta jino lenye urefu wa mkono, analisogeza pembeni, anaendelea kufagia.

Serikali nayo haikuwa na habari na mijusi hiyo mpaka nchi jirani ilipotangaza wa kwao. Mita ishirini na mbili, kutoka puani hadi mkiani! Picha ikatoka gazetini. Baba Mlezi, ndivyo anavyoitwa mkuu wa nchi yetu, jina alilopewa na Bunge baada ya yeye mwenyewe kuliagiza Bunge limtafutie jina, aliiona picha hiyo akashindwa kumaliza chai. Kabla ya jua kuzama ilikuwa imeundwa Wizara ya Mifupa na Fahari ya Taifa. Akateuliwa pia waziri, Dakta Profesa Mhandisi Kizito Nyangasa, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Bandari katika nchi isiyo na bahari.

Ndani ya miezi miwili mjusi wetu akapatikana, karibu mzima, amelala ubavu karibu na makaburi ya kijiji. Wakamjengea hema kubwa lenye viyoyozi sita. Zahanati ya Ngarawe mpaka leo inazalisha akina mama kwa mwanga wa tochi ya simu, lakini mjusi hakutakiwa apate joto. Nyaya hizo nilizifunga mimi. Nilimuuliza mhandisi kama hatungeweza kuchepusha waya mmoja tu, mwembamba, uende zahanati. Akanitazama kama nimetukana. Akasema mjusi ni mgeni wa serikali.

Baadaye wakaona ugeni haumfai, wakampa uraia. Fomu ya uraia ina visanduku vitatu tu vya umri, kwa hiyo mjusi akaandikwa ana miaka 999. Tarehe ya kuzaliwa akapewa tarehe moja Januari, kama babu zetu wote. Mahali pa sahihi wakagandamiza ukucha. Waziri Nyangasa akaja na kitambulisho kile, akakiweka juu ya mbavu za mjusi kwa mikono miwili, akahutubia dakika hamsini.

"Ndugu wananchi," alisema, na mimi nikapunguza sauti maana alikuwa anameza maiki, "mfano wa uzalendo ni huu hapa mbele yenu! Miaka milioni mia moja na hamsini amelala chini ya ardhi hii. Je, alilalamika maji? Hakulalamika! Alidai barabara? Hakudai! Aliandamana? Hakuandamana! Kila mmoja wenu ajiulize, mimi na huyu mjusi, nani raia mwema?"

Watu wakapiga makofi. Kweli, hapo hata mimi nilijiona nimepungukiwa.

Kisha wakampima. Wakampima mara tatu, mara ya tatu waziri mwenyewe akishika ncha ya utepe na kuuvuta kidogo. Mita kumi na tisa. Jirani ana ishirini na mbili. Mjusi wetu hakuwa na mkia, ulikuwa umekatikia kiunoni huko enzi hizo kabla Wizara haijaundwa. Waziri akafuta jasho, kwenye baridi ile, akatamka kwamba haiwezekani mkia wa mjusi wa Baba Mlezi ushindwe na mkia wa mjusi wa jirani. Mkia upo. Utafutwe.

Wakaangalia mgongo umeelekea wapi. Ulikuwa umeelekea makaburini.

*

Mkutano wa hadhara uliitishwa siku ya Jumatano. Mkuu wa Wilaya wetu, Bwana Fumbwe, ni mtu wa karatasi. Hawezi kusema habari za asubuhi bila kusoma mahali. Akasimama, akafungua faili, akasoma kwamba kufuatana na tangazo namba kadha wa kadha, mifupa yote iliyomo bondeni imegawanywa makundi mawili, mifupa yenye hadhi na mifupa isiyo na hadhi. Yenye hadhi ni ya mjusi.

"Isiyo na hadhi," akasoma, "ni yenu. Samahani. Ni ya marehemu wenu."

Ndipo akasimama Bi Shuwea. Huyu ni mjane wa miaka kama sitini hivi, mwembamba, mweusi wa jua, kanga yake kaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda shamba. Mumewe, Mzee Mbaruku, mkata chumvi, alikuwa amefariki mwaka huo huo. Bi Shuwea hakuomba maiki. Sauti yake haihitaji fundi.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba, mama. Swali fupi."

"Mume wangu nimemlaza pale miezi minane iliyopita. Udongo wake haujatulia bado. Mnataka kumtoa mumpeleke wapi?"

"Atahifadhiwa, mama."

"Wapi?"

"Mahali panapostahili."

"Panaitwaje hapo mahali?"

Bwana Fumbwe akageuza karatasi ya kwanza, akageuza ya pili. "Stoo," akasema.

Watu wakaguna. Bi Shuwea hakuguna. Akasema, "Basi andika hapo kwenye karatasi yako kwamba mimi mkewe nimesema hatoki."

"Serikali haijakuuliza, mama. Serikali imekujulisha."

Mstari wa mbele, ambao kazi yake ni kupiga makofi, ukapiga makofi. Bi Shuwea akawageukia mmoja mmoja, maana anawajua kwa majina mpaka mama zao, na makofi yakafa yenyewe. Kisha akaketi. Nami nikakunja nyaya zangu nikaenda nyumbani, nikakosa hamu ya kula. Sijui kwa nini, mtu nisiye na siasa kama mimi.

Jumatatu asubuhi katapila likaja. Kaburi la Mzee Mbaruku ndilo lililokuwa pembeni kabisa, likawa la kwanza. Walimtoa kwa dakika kumi na tano. Hakukuwa na mkia wowote chini yake, udongo tu. Wakamtia kwenye mfuko wa saruji, wakaandika kwa kalamu ya wino mzito: ISIYO NA HADHI, NA. 1. Wakamrusha stoo, kati ya ndoo za rangi na matairi ya serikali. Nilikuwepo, nilikwenda kuchukua spuli ya waya. Jamani, nimeona mengi katika kazi hii, lakini siku ile nilitoka stoo nikajificha nyuma ya jenereta nikalia kama mtoto. Mzee yule alikuwa akinipa chumvi ya bure kila nikienda kufunga spika Ngarawe. Sasa ameandikwa namba moja.

Shimo lake hawakulifukia. Wizara ililipa jina, Shimo la Heshima, ikalizungushia kamba nyekundu. Ilipangwa kwamba Jumamosi Baba Mlezi aje mwenyewe, apige jembe la dhahabu mle ndani mara moja, kuzindua rasmi Utafutaji wa Mkia. Jembe likishagusa udongo, makatapila manne yangeingia na kufukua makaburi yaliyobaki yote, mia mbili na sitini, kwa siku moja.

*

Bi Shuwea alikwenda ofisini kumdai mumewe. Hili nimesimuliwa na yeye mwenyewe, na karani naye hakulikana.

Karani alimpa fomu ya kuchukulia mali iliyo stoo. Akamweleza kwa upole kwamba mifupa haitolewi ovyo, maana nchi ikianza kutoa mifupa kwa kila anayedai itabaki na nini? Lazima mwenye mifupa afike mwenyewe na kitambulisho chake.

"Mwenye mifupa afike mwenyewe?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Mwanangu, mwenyewe yumo kwenye mfuko wenu."

Karani akaisoma fomu upya, mbele na nyuma. "Basi atoke huko alipo aje hapa dirishani," akasema. "Au aandike barua ya kumruhusu mtu amchukulie."

Bi Shuwea alimwambia asante, kwa sababu karani naye ni mtoto wa mtu. Akatoka. Alinikuta uwanjani nikipima spika kubwa, zile nane za sherehe za kitaifa.

"Fundi," akasema, "hiki kipaza sauti cha akina mama watakaocheza ngoma, kinasikika mpaka wapi?"

"Mpaka ng'ambo ya ziwa la chumvi, mama. Na Jumamosi redio na televisheni ya taifa wanachukua moja kwa moja. Nchi nzima."

"Vizuri. Usikizime."

"Mama, mimi sina siasa."

"Nani kakuuliza siasa? Nimekwambia usikizime."

Ijumaa likatolewa agizo la usafi. Wanawake wote wa Ngarawe wafike na mafagio, wafagie uwanja, hema, vyoo na stoo, na takataka zote ziondolewe ili macho ya Baba Mlezi yasione uchafu. Agizo hilo nililitangaza mimi kwa gari, kijiji kizima, mara sita. Bi Shuwea alipangiwa stoo. Akafagia stoo vizuri sana, pembe zote. Askari wa mlangoni akamwona anatoka na mfuko wa saruji kichwani.

"Nini hicho, mama?"

"Kisicho na hadhi. Si mmesema viondolewe?"

Askari akausoma mfuko. Maandishi yalisema hivyo hivyo. Akampisha.

*

Jumamosi ilifika, na mimi nawaambieni, sijawahi kuona umati ule. Mahudhurio yalikuwa ya lazima. Watumishi wote wa wilaya waliletwa kwa malori na wakaandikwa majina: walimu, madereva, askari, magereza, mabwana shamba, waendesha makatapila, hata wagonjwa watatu wa zahanati waliokuwa na nguvu za kukaa. Watu elfu mbili. Bwana Fumbwe alihakikisha kwamba hakuna mtu mwenye mikono na miguu wilayani aliyebaki nyumbani.

Kulitokea kasoro moja ndogo asubuhi. Afisa itifaki aligundua kwamba mjusi amelala na makalio yake yameelekea jukwaa kuu. Ikawa vurugu. Hakuna raia anayempa mgongo Baba Mlezi! Kwa kuwa mwili haugeuziki, wakang'oa fuvu wakaligeuza nyuma, likatazama jukwaani. Mjusi akaonekana kama mtu aliyeitwa ghafla na mkewe. Wataalamu wawili waliokuja kutoka chuo kikuu wakaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, wakarudi macho mekundu.

Saa nne Baba Mlezi akaingia. Tukaimba. Tukakaa. Tukasimama, tukaimba tena. Waziri Nyangasa akahutubia, akasema mkia utakaopatikana leo utakuwa mrefu kuliko matarajio ya maadui zetu. Jembe la dhahabu likawekwa juu ya mto wa mahameli, pembeni ya Shimo la Heshima. Kisha mshereheshaji akatangaza, "Sasa tuwakaribishe akina mama wa Ngarawe kwa ngoma yao ya shukrani!"

Wakaja. Wanawake wapatao mia, kanga zimefungwa viunoni, mistari miwili. Watu wakaanza kupiga makofi wakitafuta mapigo, lakini ngoma haikulia. Katikati ya mistari wanawake wanne walibeba machela ya kamba, na juu yake kitu kidogo, kimefungwa kwa sanda nyeupe, kimefunikwa mkeka. Mnapaswa kujua kwamba kule Ngarawe wanaozika ni wanawake. Wanaume wako ziwani na jua la pale halimsubiri maiti. Kwa hiyo walijua wanachokifanya. Walifika penye shimo, wakairuka ile kamba nyekundu, wawili wakashuka ndani, wakampokea Mzee Mbaruku, wakamlaza kitandani kwake mwenyewe.

Bi Shuwea akashika maiki.

"Tunazika," akasema.

Neno moja. Likatoka kwenye spika zote nane, likaenda mpaka ng'ambo ya ziwa, likarudi. Afisa itifaki akanikimbilia, macho yamemtoka. "Zima! Fundi, zima!" Nikainama nikazishika nyaya. Nilizishika kwa dhati kabisa, ya bluu, ya njano, tena ya bluu. Miaka kumi na tisa ya kazi, na siku ile, wallahi, nikasahau swichi iko wapi.

"Huyu ni Mbaruku bin Hamadi," Bi Shuwea akaendelea. "Mkata chumvi. Tulimzika hapa mwezi wa pili, mkamtoa. Leo tunamrudisha. Mungu amrehemu. Wenye kumtia udongo, karibuni."

Hapo ndipo ilipotokea, na nitaieleza kama nilivyoiona. Kwetu Mwangwi tumegawanyika kwa mengi, lakini uwe wa msikiti au wa kanisa au wa mizimu ya kwenu, ukimkuta maiti yuko kaburini na udongo uko wazi, huulizi ni nani. Unainama, unachota konzi tatu za udongo, unatia. Tumefundishwa hivyo kabla hatujafundishwa kusoma. Unatia hata kama ulikuwa unapita zako njia. Hata kama marehemu alikuwa adui yako, na hapo hasa ndipo unapotia kwa haraka.

Sajenti wa polisi alikuwa ametumwa akawatawanye wale wanawake. Alikimbia mpaka ukingoni, akatazama chini, akaona sanda. Akasimama. Akavua kofia, akaibana kwapani, akachota konzi ya kwanza. Nyuma yake askari wake wakapanga mstari bila kuambiwa. Walimu wakateremka kwenye viti. Madereva wakaja. Waendesha makatapila wakaja na ovaroli zao. Wale wagonjwa watatu wakashikwa mikono wakaletwa. Mstari wa mbele, wale wa makofi, wakachota wakilia. Bwana Fumbwe nilimwona kwa macho yangu, kashika faili kwa meno ili apate mikono yote miwili.

Waziri Nyangasa alijaribu kubaki amekaa. Bibi mmoja mzee, mgeni tu, akamwambia, "Wewe baba, huna kwenu?" Akainuka.

Juu jukwaani Baba Mlezi alikuwa ameshasimama, maana wote wamesimama. Maiki yake ya mezani nayo ilikuwa haijazimwa, kwa sababu zile zile nilizokwisha kuzieleza.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hayumo kwenye ratiba, Mtukufu," akajibu afisa itifaki.

"Mtu yuko kaburini, wewe unaniambia ratiba?"

Akashuka. Watu wakampisha. Mtu huyu nimefunga maiki yake mara thelathini na sijawahi kumwona akitazama chini. Siku hiyo alitazama. Akakunja mikono ya koti, akachota konzi moja, ya pili, ya tatu, midomo yake ikisema kitu alichofundishwa na mama yake zamani, kabla hajawa baba wa mtu yeyote. Nchi nzima ilimwona.

Watu elfu mbili mara konzi tatu! Shimo lilijaa hata mtu mmoja hajachoka. Palipobaki kutengeneza tuta, hapakuwa na jembe karibu isipokuwa lile la dhahabu, basi sajenti akalichukua kwenye mto wake, akasawazisha nalo. Likapinda. Kumbe lilikuwa bati.

Bi Shuwea akarudi kwenye maiki. Hakupandisha sauti.

"Mbaruku, umezikwa na watu wengi leo. Umezikwa na mkuu wa nchi. Atakayekufukua tena aanze kwa kumuuliza yeye kwa nini alikutia udongo. Na hawa majirani zako hapa, mia mbili na sitini, hawaguswi. Tutakaa hapa kuwaangalia."

Wanawake mia wakaketi chini kati ya makaburi. Wengine wakatoa mihogo wakaanza kumenya.

*

Jumapili alfajiri Bwana Fumbwe akaamuru katapila liingie, lianzie tena pale pembeni kwa Mzee Mbaruku. Dereva akazima injini, akashuka, akamwambia, "Mheshimiwa, mimi nilitia konzi tatu." Kwetu uliyemtia udongo humfukui, hata mwendawazimu wa sokoni anajua hilo. Akaitwa dereva wa pili. Naye alitia. Wakaitwa polisi, magereza, mgambo. Wote walitia. Akatafutwa wilaya nzima mtu mmoja tu ambaye hakutia udongo, hakupatikana, kwa sababu mahudhurio yalikuwa ya lazima. Mwisho Bwana Fumbwe akapanda katapila mwenyewe, akakaa kwenye usukani kama robo saa hivi. Wanawake wakamtazama. Akashuka akasema hajui kuliwasha.

Jioni ikatoka taarifa rasmi, na mimi niliisoma kwa gari kijiji kizima. Ilisema kwamba Baba Mlezi, kwa hekima yake, alikwenda Ngarawe kwa lengo moja tu tangu mwanzo, nalo ni kumzika Shujaa wa Taifa Mbaruku bin Hamadi. Makaburi ya Ngarawe sasa ni eneo lililolindwa. Kuhusu mkia, uchunguzi umebaini kuwa mjusi wetu hakuwahi kuwa nao. Alijinyima mkia kwa ajili ya taifa.

Mimi nilikaa kituo cha polisi siku tisa nikieleza habari za nyaya. Niliwachorea mchoro. Wakachoka wao.

Shujaa wa Taifa lazima awe na jiwe, na jiwe lazima liwe na maandishi, na maandishi yanatokana na fomu. Karani yule yule wa dirishani akatumwa kwa Bi Shuwea. Nilikuwa nyumbani kwake siku hiyo, nimemvutia waya wa taa. Waya huo ulitokea hemani, kiyoyozi cha sita, na mwingine kama huo nilikuwa nimekwisha kuuvuta hadi zahanati. Msiniulize.

"Mama, hapa wanauliza mchango wake kwa Taifa."

"Alikata chumvi."

"Zaidi ya chumvi."

Bi Shuwea akafikiri. "Zamani walikuja kuchukua mbuzi wa sherehe ya kuzaliwa Baba Mlezi. Kila nyumba mmoja. Akakataa. Wakampiga. Halafu ukaja mkutano, watu wakaambiwa wasimame wapige makofi. Akakataa, akaikalia mikono yake hivi. Wakamweka ndani wiki mbili. Aliporudi kukawa na mkutano mwingine, akaenda akakaa pale pale, akaikalia tena."

Karani akashusha kalamu. "Mama, haya siwezi kuyaandika."

"Basi usiandike kitu."

"Lazima niandike, jiwe linachongwa kesho. Labda tuseme, 'Alishirikiana na serikali kwa moyo wote.'"

"Huyo mume wa nani?"

Karani akacheka kidogo, kisha akatazama mlangoni kama kuna mtu amemsikia. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Akauliza taratibu, "Basi niandikeje, mama?"

"Andika, Alikataa."

"Alikataa nini?"

"Hivyo hivyo tu. Huku kila mtu anajua."

Akaandika. Jiwe likaja baada ya wiki, la marumaru, limechongwa vizuri. Lilikuwa na mistari mitatu, maana kwa sheria zetu hakuna jiwe la taifa linalosimamishwa bila mstari wa mwisho. Mbaruku bin Hamadi. Alikataa. Kwa idhini ya Baba Mlezi.

Bi Shuwea alilisoma akiwa amesimama, herufi kwa herufi, kidole hewani. Akaingia ndani, akatoka na patasi ya marehemu ya kukatia chumvi na jiwe la kugongea. Akapiga magoti mbele ya kaburi akaufuta mstari wa tatu wote, saa mbili nzima, mchana kweupe, vumbi la marumaru likimjaa kwenye nyusi. Mimi nilimshikia mwavuli.

Juzi Bwana Fumbwe aliniita ofisini. Kufuta mstari wa jiwe la taifa ni miaka saba. Akafungua faili, akasoma kwamba kufuatana na taarifa zilizopo mimi nilikuwepo siku hiyo, kwa hiyo nimtaje aliyefuta, nitie sahihi, niende zangu nikaendelee na kazi yangu ya miaka kumi na tisa. Akanisogezea kalamu.

Nikakataa.